Mganga hajigangi, lakini mkoba ni wake

Wahenga walipotuambia kwamba mganga hajigangi, hawakuwa na nia ya kumdharau mganga. Walimkumbusha kwamba ujuzi wake, hata uwe mkubwa namna gani, una mpaka, na kwamba upo wakati ambapo yeye pia hana budi kubisha hodi mlangoni kwa mwingine. Methali hii imepata maana mpya siku hizi, ambapo madaktari na maafisa wa kliniki wanaomiliki zahanati zao wamejikuta wakihitaji tiba ya aina nyingine. Miili yao ni mizima. Zinazougua ni biashara zao. Swali ambalo makala haya yananuia kulijadili ni jepesi kulitaja lakini gumu kulijibu: mtabibu mwenye zahanati atamjuaje mshauri wa usimamizi anayestahili kuaminiwa?

Huenda mwalimu au mwanafunzi akauliza suala hili linamhusu vipi. Linamhusu kwa njia mbili. Kwanza, yeye ni mgonjwa wa leo au wa kesho. Zahanati iliyosimamiwa vibaya huishiwa na dawa, hushindwa kulipa wauguzi wake na hatimaye hufungwa, na anayeteseka ni yule mzazi anayebeba mtoto mwenye homa usiku akitafuta kituo kingine mbali. Pili, katika kila darasa la sekondari wamo vijana wanaoota kuvaa koti jeupe. Wengi wao siku moja watafungua vituo vyao wenyewe, na hapana atakayewaambia mapema kwamba siku hiyo watakuwa waganga na wafanyabiashara kwa wakati mmoja.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Anayesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kitivo chake cha utabibu kilianzishwa mwaka 1967, husoma kwa miaka 6, kisha hufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja zaidi. Muda huo wote anajifunza moyo, mapafu, damu na mifupa. Anapofungua mlango wa zahanati yake, anapokewa na ulimwengu mwingine kabisa. Anahitaji leseni yake ya kila mwaka na leseni ya kituo kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lijulikanalo kama KMPDC. Akiwa na duka la dawa, Bodi ya Famasia na Sumu inamwangalia. Akiwa na maabara, iko bodi nyingine. Sindano zilizotumika na bendeji zenye damu zina sheria za kutupwa kwake, na Mamlaka ya Mazingira, NEMA, inazifuatilia. Serikali ya kaunti nayo inadai kibali cha biashara.

Hayo ni ya leseni tu. Kuna ya kodi na mishahara. Kodi inayokatwa wafanyakazi lazima ifikishwe kwa mamlaka ya KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kuna ada ya nyumba ya asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri, mchango wa NSSF, na mchango wa bima ya afya wa asilimia 2.75 ya mshahara. Tangu mwaka 2024, matumizi ya biashara yasiyo na ankara za kielektroniki za mfumo wa eTIMS, isipokuwa machache yaliyosamehewa kisheria, hayakubaliki wakati wa kukokotoa kodi. Daktari anayeandika jina la dawa kwa haraka juu ya kikaratasi anatakiwa sasa kuwa karani, mhasibu na mwanasheria.

Kisha yakaja mageuzi makubwa ya bima. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifikia kikomo chake, na kuanzia Oktoba 1, 2024 kazi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2023. NHIF iliondoka ikiacha madeni mengi ya hospitali hayajalipwa. SHA ilikuja na mikataba mipya, viwango vipya vya malipo na mfumo mpya wa kuwasilisha madai kwa kompyuta. Mwenye zahanati aliyezoea fomu za zamani alijikuta mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Si ajabu kwamba washauri wamechipuka kila mahali mithili ya uyoga baada ya mvua.

Ikumbukwe kwamba wako washauri wema. Wako wahasibu, wauguzi wakuu waliostaafu, na watu waliosimamia hospitali kubwa kwa miaka mingi, ambao wakikaa wiki moja katika zahanati huiondoa kwenye matope. Makala haya hayana nia ya kuwachafulia jina. Lakini wema hao hawana alama usoni. Sheria zetu haziruhusu mtu kufanya kazi ya uwakili mahakamani bila kusajiliwa na kuwa na cheti cha mwaka husika. Mhasibu naye ana Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 na chama chake cha ICPAK kinachoweza kumwadhibu akikosa. Mshauri wa usimamizi, kwa upande wake, halazimiki kuwa na leseni ya serikali ndipo ajiite hivyo. Mtu anaweza kuchapisha kadi asubuhi, na jioni akawa mshauri. Ndiyo maana mzigo wote wa kumchunguza unamwangukia yule anayemwajiri.

Tumchukulie daktari wa kubuni katika mji wowote mdogo, uwe Kitale au Voi. Zahanati yake hupokea shilingi 400,000 kwa mwezi kutoka kwa bima. Anatokea mshauri aliyevaa suti safi, mwenye maneno ya asali. "Daktari," anamwambia, "wewe tibu wagonjwa, mambo ya karatasi niachie mimi. Sitaki mshahara. Nipe asilimia 10 tu ya kila kitakacholipwa." Daktari anafurahi, kwani ameona kama kwamba hakuna hasara: asipolipwa yeye, mshauri naye halipwi. Mwezi wa tatu malipo yanapanda hadi shilingi 600,000. Daktari anamsifu mshauri kwa marafiki zake wote.

Hakuuliza pesa hizo zimetoka wapi. Wagonjwa hawakuongezeka. Dawa zilizonunuliwa ni zile zile. Kilichobadilika ni karatasi. Mgonjwa wa malaria aliyemeza vidonge akarudi nyumbani baada ya saa moja, katika mfumo wa bima anaonekana alilazwa siku 3. Aliyefungwa kidonda anaonekana alifanyiwa upasuaji. Sasa tupige hesabu. Ongezeko ni shilingi 200,000. Mshauri amepata shilingi 20,000 zaidi. Lakini siku wakaguzi watakapokuja, deni la kurejesha shilingi 200,000 za kila mwezi ni la nani? Kituo kilichosajiliwa ni cha nani? Leseni inayoweza kusimamishwa ni ya nani? Mshauri atakuwa amebadilisha namba ya simu, naye daktari atasimama peke yake.

Huu si woga wa bure. Mwezi wa Juni mwaka 2023, baada ya wanahabari wa runinga kufichua jinsi fedha za NHIF zilivyokuwa zikifujwa, Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa zisihudumu chini ya bima hiyo. Agosti mwaka 2025, SHA nayo ilisimamisha vituo vingi. Miongoni mwa tuhuma zilizotajwa ni kuwageuza wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani wakawa wa kulazwa, kudai malipo ya huduma za gharama kubwa kuliko zilizotolewa, na kudai kwa ajili ya wagonjwa wasiokuwepo. Sisemi kwamba kila kituo kilichotuhumiwa kilipotoshwa na mshauri. Wapo wamiliki waliofanya hivyo kwa macho makavu. Ninachosema ni kwamba mfumo wa adhabu haumuulizi daktari ni nani aliyebonyeza kitufe. Humuuliza kituo ni cha nani.

Basi afanyeje? Nadhani mwenye zahanati anaweza kumpima mshauri kwa maswali matatu, nayo yaulizwe kabla ya chai ya kwanza kunywewa.

Swali la kwanza: unalipwaje, na nani mwingine anakulipa? Mfano wetu umeonyesha hatari ya malipo ya asilimia. Watetezi wake husema kwamba asilimia humtia mshauri bidii, nayo ni hoja yenye uzito kiasi. Lakini bidii hiyo ni ya kukuza tarakimu, na tarakimu inaweza kukua kwa njia halali au haramu. Malipo ya kiasi maalumu kwa kazi maalumu hayana kishawishi hicho. Sehemu ya pili ya swali ni muhimu vivyo hivyo. Mshauri anayekusisitizia kununua mashine fulani ya picha za tumbo, au programu fulani ya kompyuta, huenda analipwa kamisheni na muuzaji. Si kosa kila mara, ila ni kosa kukuficha. Mwambie akuandikie barua, atie sahihi, kwamba hapokei chochote kutoka kwa muuzaji yeyote, au akitaje anachopokea. Mwaminifu ataandika papo hapo. Asiye mwaminifu ataanza kukueleza jinsi mnavyohitaji kuaminiana.

Swali la pili: utashika nini mkononi mwako? Hapa ndipo wengi hupotelea. Mshauri anahitaji kuona vitabu. Hahitaji kuwa mwenye vitabu. Anaweza kupewa ruhusa ya kusoma taarifa za benki bila kuwa mtia sahihi wa hundi. Anaweza kuandaa madai ya bima, lakini nywila ya mfumo wa SHA na ile ya KRA zibaki kwa mwenye kituo, na namba ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho iwe ya mwenye kituo. Nimesikia wamiliki wengi wakilalamika kwamba walipotaka kuachana na mshauri, waligundua kwamba barua pepe ya zahanati ilifunguliwa kwa jina lake na simu ya malipo imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Hapo haikuwa tena kazi ya kumwachisha mtu kazi. Ilikuwa kazi ya kukomboa nyumba.

Kuna jambo zito zaidi ya pesa, nalo ni siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa habari nyeti. Anayezishughulikia kwa niaba ya zahanati sharti awe na mkataba wa maandishi na zahanati hiyo. Zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data lazima aarifiwe katika muda wa saa 72, na faini ya Kamishna inaweza kufikia shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Mshauri anayebeba mafaili ya wagonjwa nyumbani katika kompyuta yake, au anayetumiana orodha za wagonjwa kwa simu na vibarua wake, amekwisha kuonyesha kiasi cha heshima alichonacho kwa kazi hiyo. Mwalimu aliyepimwa ugonjwa wowote katika zahanati hiyo ana haki ya kujua kwamba jina lake halizunguki mitaani.

Swali la tatu: ukiondoka utaacha nini? Mshauri mwema huja na tarehe ya kuondoka. Husema, kwa mfano, kwamba katika miezi 6 atakuwa amemfundisha karani wa zahanati kuandaa madai, amepanga daftari la dawa, na ameandika utaratibu wa kazi katika karatasi chache ambazo hata mgeni anaweza kuzifuata. Mshauri mbaya hujifanya fundo lisilofunguka. Kila jambo liko kichwani mwake, hakuna lililoandikwa, na mwaka wa tano bado analipwa kufanya kile alichokifanya mwezi wa kwanza. Walimu wanalielewa jambo hili kuliko watu wengine. Mwalimu hodari hujivunia mwanafunzi anayeweza kukokotoa hesabu bila yeye kusimama ubaoni. Anayewafanya wanafunzi wake wamtegemee milele hafundishi, anawafuga.

Baada ya maswali hayo, yapo majaribio. Omba majina ya zahanati 3 alizozihudumia, na mojawapo iwe ile aliyoachana nayo. Zipigie simu au, bora zaidi, nenda ukaone kwa macho yako. Kisha usimpe kazi yote kwa mpigo. Mpe kazi moja ndogo yenye mwisho: achukue madai yote ya bima yaliyokataliwa katika miezi 3 iliyopita, akueleze kila moja lilikataliwa kwa nini. Kazi hii ni kipimo kizuri, kwa sababu majibu yake yanaweza kuthibitishwa. Namba ya kitambulisho ilikosewa. Idhini haikuombwa kabla ya huduma. Maelezo ya ugonjwa hayakulingana na dawa zilizotolewa. Mshauri mwaminifu atakuletea orodha ambayo baadhi ya makosa yake ni yako wewe daktari, ya mwandiko wako na haraka zako, naye hataona haya kukuambia. Ukiona orodha nzima inawalaumu watu wa bima na makarani tu, na wewe umetoka msafi kama theluji ya Kirinyaga, jua kwamba umeajiri msifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sembuse daktari anayesifiwa na mtu anayemlipa.

Fauka ya hayo, mshauri wa kweli hujua mpaka wake. Akiulizwa suala la mkataba wa upangaji wa jengo, atasema: hili mpelekee wakili. Akiulizwa hesabu za mwisho wa mwaka, atasema: hizi zikaguliwe na mhasibu aliyesajiliwa. Daktari anapaswa kuitambua tabia hii kwa urahisi, kwani ndiyo tabia yake mwenyewe anapomtuma mgonjwa kwa bingwa wa macho au wa moyo. Tabibu anayedai kutibu maradhi yote humwita laghai. Kwa nini amwamini mshauri anayedai kujua kila jambo?

Watakuwepo watakaosema kwamba haya yote ni ya hospitali kubwa, na kwamba zahanati ya vyumba viwili haina uwezo wa kuajiri mtu mwema kwa ada maalumu. Pingamizi hilo ni la haki. Mwenye zahanati kama hiyo hubanwa pande mbili: hana pesa za mshauri mzuri, naye mshauri wa asilimia haombi pesa mkononi. Lakini huduma isiyodai malipo leo ndiyo ghali kuliko zote kesho. Zahanati ndogo 4 au 5 za mji mmoja zinaweza kuungana zikamlipa mhasibu mmoja azizungukie kwa zamu. Isitoshe, sehemu kubwa ya usimamizi haihitaji mshauri kabisa. Inahitaji daftari.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Ijumaa jioni, kabla ya kufunga mlango, mwenye zahanati na aandike tarakimu 3 kwa mkono wake: wagonjwa waliotibiwa wiki hiyo, pesa zilizoingia, za taslimu, za simu na za benki, na madai yaliyowasilishwa ambayo hayajalipwa. Ni kazi isiyozidi saa moja. Baada ya wiki 12 atakuwa ameufahamu mwenendo wa zahanati yake kama anavyofahamu mapigo ya moyo. Yule daktari wetu wa kubuni, lau angekuwa na daftari hili, angeona mwezi wa tatu kwamba wagonjwa hawakuongezeka huku madai yakipanda kwa nusu nzima. Angeuliza swali moja tu, na swali hilo lingemwokolea leseni.

Kwa hiyo, mtabibu na atafute mshauri, kwani kujifanya mjuzi wa yote ni kiburi kinachofunga zahanati nyingi. Ila amwajiri huku akijua kwamba kinachoweza kukodishwa ni ujuzi, sahihi haikodishwi. Nawe mwanafunzi unayeazimia kuwa daktari, usilidharau somo la biashara kwa kudhani kwamba baiolojia na kemia zinatosha. Jifunze kusoma jedwali la mapato na matumizi sasa, wakati kosa lako litasahihishwa kwa wino mwekundu wa mwalimu na ukarudi kwenye kiti chako. Huko mbele kosa lile lile litasahihishwa na mkaguzi wa bima, na wagonjwa wako watakuta kufuli mlangoni.